Ordinateri na Ndama Yake

Mapendo mwanangu,

Mizigo yako iko karibu na mlango. Papa yako ameifunga kwa mpira, akaifungua, akaifunga tena, kwa sababu hamwamini motari wa kesho na pikipiki yake na hajiamini mwenyewe. Mambo ya chandarua, ya dawa ya malaria, ya kutobishana na watu wa barieri wanaofunga njia, ya kumpigia shangazi yako simu ukipita Kashebere, yote amekwisha kukuambia, na mengine alikuambia ukiwa umesinzia. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloleta Jumapili tulipokuwa tunakula. Ulifikiri sikulisikia. Nililisikia.

Ulisema Papa Evariste hakukuajiri kwa ajili ya kusimama nyuma ya meza ya butike peke yake. Anafungua butike ya pili Walikale, kwa ajili ya wafanyakazi wanaotoka mgodi wa Bisie na watu wa biashara ya barabarani, na anataka uwe sauti yake kwenye redio ya kule. Nunua ordinateri, kompyuta ya kukunja, upewe bafle, spika kubwa ya kutumia jua, bure. Ulisema amekuambia, "Sauti yako iko sawa ya mama yako. Bantu batanunua." Ukacheka, na Papa yako akacheka. Mimi niliinuka kwenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Hili ndilo jibu langu. Samahani kwa urefu wake. Miaka yote hii kazi yangu ya redio imekuwa kueleza kwanza kilichotokea, na sijui njia nyingine.

Nusu ya habari unaijua, kwa sababu ilikaa nawe benchi moja. Ni habari ya Vumilia. Mlikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Unajua kwamba ng'ombe wa baba yake walichukuliwa njiani na kwamba tangu siku hiyo hakurudi darasani. Hujui kwa nini siku ile telefone ya mzee ilikuwa ndani ya begi la mtoto.

Ilianza na ordinateri ambazo hakuna aliyezitaka. Papa Evariste alizileta kutoka Goma, nyeusi, nzito, zimekwisha kutumika katika ofisi za watu wa mbali. Zilikaa butikeni chini ya plastiki kama maiti. Watu waliingia, wakazitazama, wakauliza bei ya telefone. Masisi nzima ilitaka telefone ya kugusa, ile aina moja yenye mgongo wa bluu ambayo vijana waliibeba mfuko wa mbele wa shati ili ionekane. Hizo alikuwa anaziuza kila siku. Basi akafikiri kama mfanyabiashara. Siku moja zile za bluu zilitoka kwenye kabati la kioo, na ukiuliza unaambiwa haziuzwi tena peke yake. Nunua ordinateri, telefone unapewa bure.

Alikuja redioni na karatasi yake ya pablisite, tangazo la biashara. Wakati ule redio yetu ilinyamaza siku nyingi kuliko ilivyosema, kwa kukosa mafuta ya jenereta. Aliahidi mafuta hadi mwisho wa msimu wa mvua. Mkurugenzi alimshika mkono akakataa kuuachia. Nami nikapewa karatasi niisome, kwa kuwa sauti yangu ndiyo watu waliyoizoea saa ya habari.

Wewe umekulia kwa walimaji, mjukuu wa mashamba ya maharagi, kwa hiyo ngoja nikueleze kitu cha wafugaji. Huko juu kwenye malisho, mtu akiuza ng'ombe mwenye ndama anayenyonya, ndama anakwenda na mama yake. Ng'ombe akikataa kutoa maziwa kwa mmiliki mpya, mnunuzi ana haki ya kumrudisha. Lakini awarudishe wote wawili. Akija na mmoja, hakuna atakayemsikiliza, hata akilia. Sheria hiyo haikuandikwa mahali popote na kila mtu anaishika. Niliijua kwa sababu niliwahi kutangaza ugomvi wa namna hiyo, na nilikaa kwenye mlima ule mpaka nikaielewa vizuri.

Karatasi ya Papa Evariste ilikuwa na garanti, yaani ahadi ya kubadilishiwa kitu kikiharibika, na ilisema kwamba anayerudisha arudishe vyote viwili. Ilikuwa sentensi kavu. Nikaona wafugaji hawataielewa upesi, nikaongeza ya kwangu: "Ordinateri na ndama yake, havitenganishwi." Papa Evariste alipiga makofi. Nami, mwanangu, nilitembea wiki nzima nimejipenda.

Sasa angalia nilichokuwa nacho na nisichokitumia. Mimi ni mtu ambaye, kabla hujazaliwa, nilitembea msituni mpaka Bisie, wakati watu walikuwa bado wanachimba kwa mikono na kubeba madini mgongoni, nikawauliza waliosimama kwenye barieri wanamlipa nani kile wanachokusanya. Komanda mmoja aliniambia kwamba mwanamke mwenye maswali mengi hapati bwana. Nikamwambia ninaye, anapika vizuri, na swali langu bado liko pale pale. Kila mtu aliyeingia studio nilimuuliza mpaka atazame saa. Kwa Papa Evariste niliuliza swali moja tu: nisome polepole au haraka?

Sikumuuliza visitenganishwe kwa muda gani. Sikumuuliza garanti inafunika nini. Kwetu studio, habari ilikuwa na kanuni zake na pablisite haikuwa na kanuni yoyote. Ilikuwa kitu cha kusoma kati ya wimbo na wimbo. Mimi nilijua ukuta kati ya hivyo viwili uko wapi. Mtu aliyeko mlimani na redio begani haujui. Anasikia mdomo ule ule uliomwambia jana daraja limevunjika, na kweli alikuta daraja limevunjika.

Ordinateri zilitoka. Ziliondoka kwa pikipiki, kwa tshukudu za mbao za kusukuma, katikati ya viazi, kichwani mwa akina mama. Utakumbuka vichekesho vya wakati ule. Telefone ya bluu iliitwa ndama sokoni kote. Msichana akiona kijana anajivuna alimuuliza, "Na mama yake umemuacha kwa nani?" Kulikuwa na yule kijana wa Nyabiondo aliyefika harusini na ordinateri mgongoni, akacheza nayo usiku kucha, kwa sababu alitaka watu waione telefone na aliogopa kuvitenganisha. Nilimfanyia ripoti. Nilicheka hewani.

Kuna mama mmoja pia, alileta ordinateri isiyowaka, na mfanyakazi wa butike akamrudisha nyumbani akachukue telefone kwanza. Alipanda mlima, akashuka tena. Habari ile ilienea haraka kuliko pablisite yenyewe. Kuanzia hapo hakuna aliyefanya mchezo. Watu walizifungia pamoja kwenye sanduku, wengine walizifunga kamba moja. Niliyasikia yote. Ningeweza kusimama mbele ya mikro nikasema: subirini, nimuulize mwenye butike anamaanisha nini. Ningehitaji muda mfupi kuliko niliotumia kutengeneza ripoti ya yule mchezaji harusini.

Nisiwe mwongo upande wa pili. Mwalimu wenu wa hesabu alinunua moja na akaitumia vizuri. Sekretari wa parokia vilevile. Na moja ilikuja kwetu, zawadi ya Papa Evariste kwa kazi nzuri, na wewe ukajifunza juu yake mpaka herufi zikafutika kwenye vifungo. Kazi unayoiendea kesho imetoka hapo. Sijuti kwamba ulijifunza. Nimejaribu kuyaweka mambo haya mawili pamoja yakakataa kukaa, kwa hiyo nimeyaacha yalivyo.

Papa Vumilia, baba wa huyo mwenzako wa benchi, alikuja redioni kabla ya kununua. Hili sijamwambia mtu, hata Papa yako. Aliteremka na maziwa yake asubuhi, akaweka bidoni, lile dumu lake, chini, akasimama mlangoni na kofia mkononi kwa sababu hakutaka kuingiza matope studio. Alitaka kuuza ng'ombe mmoja, Gaju, yule mwekundu, ili Vumilia apate ordinateri, kwa kuwa walimu walikuwa wanasema mtihani wa mwisho na chuo vitahitaji mtu aliyezoea. Akaniuliza, "Mama wa redio, ile mambo iko kweli, ao ni pablisite?"

Lilikuwa swali bora kuliko lolote nililouliza mwaka ule. Nikamjibu, "Papa, mimi nilikwisha kukudanganya?"

Alifikiri kidogo. Akasema hapana. Akavaa kofia yake, akachukua bidoni, akaenda kumuuza Gaju.

Vumilia alikuwa analala kwa shangazi yake hapa chini, kwa ajili ya shule, na ordinateri ilikuwa ya shule. Basi ikaja kukaa naye. Na kwa kuwa havitenganishwi, telefone nayo ikaja. Mzee alikuwa amekwisha kutia laini yake ndani, maana batri ya telefone yake ndogo ilikuwa imevimba, akasema anunue batri ya nini na ndama yuko. Siku za soko alishuka, akakaa kwenye ua wa shangazi, akapiga simu zake zote za wiki, akaongea na wanunuzi wa jibini na ndugu zake wa Kashebere, kisha akairudisha telefone juu ya ordinateri na kupanda nyumbani. Nilimkuta pale siku moja. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo kama mtu anayengoja kunyolewa. Niliona ni jambo la kupendeza. Niliwaza ripoti nyingine.

Siku ile alikuwa anapeleka ng'ombe Kashebere kwa njia ya kawaida. Asubuhi ndugu yake wa kule alipata habari kwamba watu wenye silaha wametoka msituni na wamekaa kwenye njia. Akampigia. Akapiga tena na tena, akaandika ujumbe. Telefone ilikuwa ndani ya begi la Vumilia pamoja na ordinateri yake, darasani, imezimwa kama kanuni ya shule inavyotaka. Ulikuwa umekaa upande wake wa kushoto. Ilipofika saa ya mapumziko akaiwasha.

Alikuja redioni mbio, sare imelowa jasho mpaka kiunoni. Akasema, "Mama, minakuomba, useme ku redio Papa arudie nyuma. Iko mu njia na bangombe."

Unajua kanuni yangu kwa habari za usalama: watu wawili wasiojuana, la sivyo habari haisomwi. Nimewafundisha vijana wote waliopita pale. Nimeona habari isiyothibitishwa ikihamisha kijiji kizima kwenye mvua kwa sababu ya bunduki moja iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na watoto wawili hawakurudi. Nilimwambia Vumilia akae. Alikaa. Nikapiga Kashebere, mtandao ukakataa. Nikampigia muuguzi ninayemjua, nikampigia mwenye duka la chumvi kwenye njia panda. Vumilia alikuwa ananitazama mdomo, si macho. Nilipopata mtu wa pili nilikwenda kwenye mikro nikasema njia imefungwa, anayekwenda arudi.

Baadaye Papa Vumilia aliniambia kwamba alinisikia vizuri. Redio yake ndogo ilikuwa begani, kama kawaida. Alinisikia wakati watu wale tayari walikuwa wanawazunguka ng'ombe wake na kuwachagua. Mmoja wao alimwambia apunguze sauti.

Walichukua wote. Yeye walimpiga, ndiyo maana anakugeuzia sikio moja unapomsalimia. Alirudi kwa miguu, na redio.

Sijuti kwamba nilithibitisha. Kesho nitathibitisha tena. Ninachojuta ni kwamba siku hiyo nililipima neno la barabara kama dhahabu, na miezi kabla nilikuwa nimelitupa neno la telefone kama ganda la ndizi, na yote mawili yalimfikia mtu yule yule.

Nilikwenda kwa Papa Evariste. Usimwone kuwa mtu mbaya. Alifunga butike akapanda mlima kumsalimia mzee, na hakwenda mikono mitupu. Lakini nilimuuliza sasa kile nilichopaswa kumuuliza mwanzo. Alishangaa kabisa.

"Mama, ile ya kurudisha byote bibili ilikuwa ya mwezi ya kwanza tu," alisema. "Kisha pale, hapana. Na telefone haikukuwa na garanti hata siku moja."

"Juu ya nini haukusema?"

"Haukuniuliza. Na ile ya ngombe na ndama, njo wewe uliitia."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Wakati ng'ombe wanachukuliwa, garanti ilikuwa imekwisha kitambo. Ile telefone ilikuwa inalinda kitu ambacho hakikuwapo. Mzee angeweza kuibeba mfukoni tangu zamani.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Ningeweza kurudi studio jioni ile ile na kuwaambia watu. Nyumba ngapi zilikuwa bado zinafungia telefone sandukuni? Mkurugenzi alisema tukisema hivyo, mafuta yatakwisha, na bila mafuta hatutaweza kutangaza hata barabara. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nikakubali. Stoku ikaisha, pablisite ikakoma yenyewe, watu polepole wakaacha kuogopa, na mimi nikajiambia hakuna tena cha kusahihisha. Nimesahihisha hewani jina la daraja. Nimesahihisha idadi ya magunia ya mbegu. Hili sikulisahihisha. Waandishi wenzangu wanasema kosa linakufa likizeeka. Hili halikuzeeka.

Sasa kuhusu wewe na bafle zako.

Usifikiri nasema kuongeza kitu juu ya kitu ni wizi. Nyanya yako aliuza maharagi sokoni maisha yake yote, na hakuna mtu aliyeondoka bila konzi moja juu. Mnunuzi alisema, "Mama, niongezeye," naye alinuna, akalalamika kwamba wanamla mifupa, kisha akaongeza. Lakini konzi ilikuwa ya maharagi yale yale. Aliyetaka maharagi alipata maharagi, na kidogo zaidi. Kwa Papa Evariste ilikuwa kinyume: watu walitaka kile cha bure, wakabebeshwa kile cha kununua. Yule kijana mchezaji alilipia telefone na akaitwa mwenye ordinateri. Ukisimama nyuma ya meza ile Walikale, mtu akiingia, mtazame macho yanakwenda wapi kwanza. Yakienda kwenye bafle, mwambie bei ya bafle. Kama bafle haina bei, jiulize kwa nini.

Na atakuja mtu kutoka Itebero, ametembea msituni na viatu shingoni, ameuza mawese au mpunga, na mtoto wake anasoma. Huyo ndiye atakayekuuliza lile swali la mlangoni. Labda hataliuliza kwa maneno ya Papa Vumilia. Atauliza kama ni kweli. Usimjibu kwa jina lako wala kwa jina langu. Mimi nilimjibu mtu swali la kitu kwa kumwonyesha heshima yangu, naye kwa adabu yake hakuweza kuendelea kuuliza. Mweleze kitu chenyewe: kinakula umeme kiasi gani, jua la msituni linatosha ao halitoshi, kikiharibika atakileta wapi na ataambiwa nini. Kama hujui, sema hujui. Ni aibu ya muda mfupi. Nimeishi na ile nyingine, ninaijua urefu wake.

Ile sentensi yangu ilipendwa mno. Ikija sentensi nzuri kichwani mwako, nawe utazipata, maana mdomo huo umeurithi, kaa nayo kwanza umuulize mwenye mali kama ni kweli mwaka mzima ama wiki ya kwanza tu.

Sikukwambia uache kazi. Ulinisubiri niseme hivyo, nilikuona. Nenda. Biashara inahitaji watu wanaojua kuzungumza, na wewe unajua. Wala siwezi kukuamulia juu ya redio. Nilitaka tu ujue sauti anayoitaka Papa Evariste ilifanya nini mara ya mwisho alipoiazima, na kwamba si yeye aliyeiharibu.

Jumatano nilipopotea mchana, nikasema nakwenda kwenye mkutano, sikwenda mkutanoni. Nilipanda kwa Papa Vumilia. Ilikuwa na ukungu, na mbwa alinitangaza kabla sijafika. Mzee alikuwa anatengeneza mlango wa zizi. Ana ng'ombe wawili sasa, anamfugia mtu mwingine. Alinitazama, akatazama begi langu.

"Umekuja kufanya ripoti?"

Nikasema hapana, hata mashine ya kurekodi sikuja nayo.

"Basi kaa."

Mke wake alileta maziwa. Nilimwambia mzee yote niliyokuandikia hapa, kwa mpangilio huu huu, pamoja na ile ya mwezi wa kwanza tu. Hakuwa anaijua. Aliendelea kukaza kamba ya mlango mpaka nikamaliza, na nilidhani labda nimekaa upande wa sikio lisilosikia. Kisha akasema, "Nilikuuliza pale ku mulango."

"Ndiyo, Papa."

"Na wewe ukanijibia na swali."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na hesabu yake pembeni na sasa ameona inalingana na ya mwenzake. Hakunisamehe. Hakunilaumu pia. Alimwambia mke wake aniongezee maziwa maana barabara ni ndefu, akarudi kwenye mlango wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, na kwa ile sikuwa nimejiandaa.

Vumilia alinisindikiza mpaka kwenye mikaratusi. Amekonda, ana maneno yake yale yale. Aliniuliza kama bado unakoroma. Anauza maharagi na viazi siku za soko, hilo unalijua, lakini hili hulijui: anataka kufanya mtihani wa mwisho kama mtu aliyejisomea nyumbani. Vitabu ameviazima. Ordinateri anayo bado, nzima, ila chaja iliungua kwa umeme mbaya wa jenereta ya jirani, na tangu hapo imekaa. Ametafuta chaja Masisi yote. Kila mahali anaambiwa chaja haiuzwi peke yake, inakuja na ordinateri.

Aliniambia, "Mapendo akifika Walikale, aniangaliliye chaja. Nitalipa miye mwenyewe." Alisema mara mbili kwamba atalipa mwenyewe.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya redio, kabla ya bafle. Aina yake iko kwenye kipande cha karatasi nilichokutilia mfukoni mwa koti. Papa Evariste atakuwa na chaja nyingi kule, kila moja kwenye katoni lake pamoja na ordinateri yake. Muombe atoe moja na akuuzie. Atakuambia kwamba nani atanunua ile itakayobaki bila chaja, na atakuwa na haki ya kuuliza. Msikilize mpaka mwisho. Halafu angalia atafanya nini, na hapo utajua kama sauti yako unampa ama unabaki nayo.

Ukiipata, itume kwa motari anayejulikana, na umwambie Vumilia bei uliyonunulia, bila kupunguza. Iwe chaja peke yake, Mapendo. Usimuongezee kitu.

Mama yako